Udongo wa Hodhi la Kioo: Namna ya Kuchagua Tabaka la Chini kwa Mimea ya Majini katika Skuli za Unguja

Miongoni mwa masomo ya sayansi katika skuli za msingi, ni machache yanayomvuta mtoto kama lile la mmea unaotoa hewa ndani ya maji. Tawi la mmea wa majini hutiwa katika chombo cha kioo, likafunikwa kwa faneli iliyopinduliwa, na juu ya faneli ikawekwa neli iliyojaa maji. Chombo kikikaa juani, viputo vidogo hupanda kimoja kimoja hadi vikakusanyika juu ya neli. Mtoto huona kwa macho yake kwamba mmea ulio hai hutoa oksijeni.

Lakini mara nyingi viputo havionekani. Mmea umedhoofika, majani yamegeuka manjano, na maji yameingia ukungu wa kijani. Kwa kuwa muda wa kipindi unakwisha, mwalimu huandika ubaoni kwamba mmea hutoa oksijeni, na wanafunzi hunakili. Hapo somo limepotoka. Watoto wamezoezwa kuandika wasichokiona na kukiita matokeo ya jaribio. Hasara hiyo ni kubwa kuliko kufa kwa mmea, kwani mmea mwingine hupatikana, ilhali mazoea ya kutoamini macho huondoka kwa taabu.

Chanzo cha udhaifu huo mara nyingi kimo chini ya hodhi, katika mchanga au udongo ambamo mizizi imepandwa. Katika makala haya tunakusudia kueleza namna ya kulichagua tabaka hilo la chini kwa kutumia vitu vinavyopatikana kisiwani mwetu. Jambo moja tungependa mwalimu mwanafunzi alishike tangu mwanzo: udongo wa hodhi hauchaguliwi kwa uzuri wa sura yake. Huchaguliwa kwa kujaribiwa, na majaribio yenyewe ni masomo yanayoweza kufundishwa darasani.

Asili ya fikra hii

Hodhi la kioo lenye mimea na samaki pamoja lilianza kuwa kifaa cha elimu katika karne ya 19. Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, aliwaeleza wanakemia wenzake jaribio lake. Alitia samaki wawili katika chombo cha kioo chenye maji, akaweka mchanga na tope chini, na humo akapanda mmea uitwao Vallisneria, wenye majani marefu membamba mfano wa utepe. Majani makuukuu yalipooza na kuyachafua maji, alitia konokono wakayala. Warington alitaka kuonyesha kwamba mmea na mnyama hutegemeana: mmoja hutoa oksijeni, mwingine hutoa kabonidayoksaidi. Yafaa tuzingatie kwamba hata katika jaribio hilo la mwanzo mmea haukuachwa uelee. Ulipewa mchanga na tope.

Kazi za tabaka la chini

Tabaka la chini lina kazi tatu. Kwanza, hushika mizizi ili mmea usielee. Pili, ni ghala la chakula cha mmea, yaani nitrojeni, fosforasi, potasiamu, chuma na madini mengine. Tatu, ni makao ya bakteria wanaovunjavunja uchafu wa samaki na majani yaliyooza, wakaugeuza kuwa chakula ambacho mmea unaweza kukitumia.

Mchanga mtupu hutimiza kazi ya kwanza vizuri na ya tatu kwa kiasi, lakini hauwezi kazi ya pili. Chembe ya mchanga ni kubwa na haina uwezo wa kushika chakula. Chembe ya udongo wa mfinyanzi ni ndogo mno, chini ya sehemu 2 za elfu za milimita, na uso wake una chaji hasi ya umeme. Chembe za potasiamu, za amonia na za kalsiamu zilizoyeyuka majini zina chaji chanya, hivyo huvutwa na kushikwa na mfinyanzi mpaka mzizi uje kuzichukua. Mboji, yaani mabaki ya majani yaliyokwisha kuoza, hufanya kazi hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo, udongo wenye mfinyanzi kidogo na mboji kidogo huulisha mmea kwa miezi mingi, na mchanga mtupu huuacha na njaa.

Hata hivyo si kila mmea wa majini unahitaji udongo. Wanafunzi wa Paje na Jambiani wanalijua jambo hili kuliko wengi wetu, kwani kilimo cha mwani kilianza katika vijiji hivyo mwaka 1989. Mwani hufungwa kwenye kamba zilizosimamishwa kwa vijiti, nao hustawi bila ya kugusa mchanga, kwa kuwa hauna mizizi ya kweli na hujipatia chakula chake majini. Katika maji baridi ya hodhi mfano wake ni mmea uitwao Ceratophyllum, wenye vijani vyembamba vilivyopangika kama mkia wa paka. Nao hauna mizizi, hivyo huachwa ukaelea. Kinyume chake, Vallisneria na yungiyungi ni mimea ya mizizi, na afya yake hutegemea sana kilichomo chini. Swali la kwanza la kujiuliza, basi, ni hili: mmea tunaotaka kuupanda hula kwa mizizi au hula kwa majani?

Udongo wa Unguja na majina yake

Wakulima wa Unguja wana majina ya udongo yanayoeleza tabia zake, na majina hayo yameingia hata katika maandishi ya wataalamu wa udongo. Mwalimu asiyaache majina haya nje ya darasa, kwa sababu mtoto wa shamba anapoyasikia hutambua kwamba elimu ya wazee wake nayo ni elimu.

Kichanga ni udongo mwepesi wenye mchanga mwingi. Maji hupita ndani yake upesi na chakula cha mimea ni kidogo. Kichanga kilichooshwa vizuri hufaa kuwa kifuniko cha juu ndani ya hodhi.

Kinongo ni udongo mwekundu au wa kahawia, wenye mchanganyiko wa mchanga na mfinyanzi. Wekundu wake unatokana na chuma, kwa asili ile ile ya kutu ya msumari. Mahali penye hewa chuma hicho hakiyeyuki, lakini chini ya maji, ambako oksijeni ni haba, sehemu yake hubadilika ikawa katika hali ya kuyeyuka na mizizi ikaweza kuitumia. Hii ni faida kubwa, kama tutakavyoona.

Kinamo ni udongo mzito wa mfinyanzi wa mabondeni unakolimwa mpunga. Una uwezo mkubwa wa kushika chakula, lakini ukiwa peke yake hushikamana sana, maji hayapenyi na mizizi hukosa hewa. Hufaa kuchanganywa kidogo na kichanga.

Uwanda na maweni ni ardhi ya mashariki na kusini, yenye udongo haba juu ya mawe ya matumbawe. Udongo wake mara nyingi umechanganyika na vipande vya mawe hayo, na yafaa ujaribiwe kwanza.

Uko pia mchanga mweupe wa pwani. Huu ndio unaowadanganya wengi. Ni mzuri wa kutazama na hupatikana kwa wingi. Lakini mchanga mweupe wa pwani ya mashariki umetokana kwa sehemu kubwa na matumbawe, makome na mimea ya baharini yenye chokaa, yaliyosagwa na mawimbi. Kikemia ni kabonati ya kalsiamu, maumbile yale yale ya mawe yaliyojengewa Mji Mkongwe na kuchomwa tanurini yakawa chokaa ya kuta zake.

Ndani ya hodhi mchanga huu huyeyuka polepole na kuyaongezea maji ugumu na ualikali. Maji ya visima vyetu vingi tayari ni magumu kwa kuwa yamepita katika mawe ya chokaa, jambo ambalo kila anayechemsha chai huliona katika magamba meupe ndani ya birika. Maji yakizidi ualikali, chuma huganda na mizizi haiwezi kukitumia, fosforasi hushikwa na kalsiamu, na kabonidayoksaidi iliyo huru hupungua. Mmea hukaa katikati ya maji safi na mchanga mweupe, nao unakufa kwa njaa. Vallisneria na Ceratophyllum huvumilia maji magumu kuliko mimea mingine, lakini kuvumilia si kustawi.

Jaribio la kwanza: ndimu na mchanga

Jaribio hili halihitaji maabara. Vifaa ni ndimu au siki, vifuniko vyeupe vya chupa au visahani, na kijiko kimoja cha kila aina ya mchanga au udongo uliokauka.

1. Weka kila aina katika kisahani chake na uandike jina lake.
2. Waulize wanafunzi watabiri ni ipi itakayotoa povu, na utabiri uandikwe kabla ya jaribio.
3. Dondosha matone matano ya maji ya ndimu juu ya kila moja.
4. Tazameni na msikilize kwa karibu.

Tindikali ya ndimu ikikutana na kabonati ya kalsiamu hutoa kabonidayoksaidi, na mchanga huchemka viputo. Penye viputo vingi pana chokaa nyingi, na mchanga huo haufai kwa hodhi la mimea. Pasipo na viputo hapana chokaa ya kutia hofu.

Tunawakumbusha walimu watakaofundisha Mji Mkongwe kuujaribu pia udongo wa uani mwa skuli zao. Udongo ulio chini ya kuta za zamani mara nyingi umechanganyika na lipu ya chokaa iliyobanduka kwa miaka mingi. Huenda ukaonekana mweusi wenye rutuba, lakini ndimu itaeleza ukweli wake.

Jaribio la pili: sabuni na ugumu wa maji

Tia maji ya mvua katika chupa mbili zinazolingana. Katika moja weka mchanga unaojaribiwa hadi robo ya chupa, na nyingine uiache ilivyo. Baada ya wiki moja chota kiasi sawa cha maji kutoka kila chupa, utie vipande sawa vya sabuni ya mche, kisha utikise. Isitumiwe sabuni ya unga, kwani nyingi hutoa povu hata katika maji magumu. Povu likiwa haba katika maji yaliyolala na mchanga, mchanga huo umeyatia ugumu. Jaribio la ndimu huonyesha kwamba chokaa imo, na jaribio la sabuni huonyesha kwamba hiyo chokaa inaingia majini.

Jaribio la tatu: kutulia kwa udongo

Jaza theluthi ya chupa kwa udongo, ongeza maji hadi karibu na mdomo, funika na utikise kwa nguvu. Iache itulie mezani. Mchanga hutuama kwanza, ndani ya dakika chache, kisha chembe za kati, na mwisho mfinyanzi, ambao huweza kuchukua siku nzima au zaidi. Mabaki ya majani huelea. Wanafunzi wapime kina cha kila tabaka kwa rula. Udongo wenye mchanga mwingi, mfinyanzi wa wastani na mabaki machache yanayoelea ndio tunaoutafuta. Kinongo kizuri cha shamba lisilotiwa mbolea za dukani hukaribia sifa hizo.

Kutandika tabaka ndani ya hodhi

Udongo uliochaguliwa uchekechwe ili mawe, mizizi na takataka zitoke. Uroweshwe ndani ya ndoo, na maji yabadilishwe mara kadhaa katika muda wa wiki mbili, ili vitu vyepesi kuoza vimalize kuoza nje ya hodhi. Samadi mbichi isitiwe kamwe. Hutoa amonia nyingi inayoua samaki, na huleta ukungu wa kijani.

Tandaza udongo kwa kina cha sentimita 2 na nusu, kisha ufunike kwa mchanga usio na chokaa, uliooshwa mpaka maji yake yawe meupe, kwa kina cha sentimita 3. Kifuniko hicho huzuia udongo usitibuke. Mchanga uwe wa chembe za milimita 1 hadi 3. Ukiwa laini kama unga hushikamana na kuzuia maji kupenya, na ukiwa na kokoto kubwa uchafu huzama katikati yake.

Hapa somo la hisabati huingia lenyewe. Hodhi lenye urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 30 lahitaji sentimita za ujazo 4,500 za udongo, yaani lita 4 na nusu, na lita 5.4 za mchanga. Wanafunzi wapige hesabu wenyewe kabla ya kwenda kuchota.

Maji yamiminwe polepole juu ya sahani ili tabaka lisivurugike. Maji ya mfereji yaliyotiwa dawa ya klorini yaachwe wazi siku moja kabla ya kutumiwa. Mimea ipandwe kwanza, na samaki wangoje mpaka mizizi ishike.

Tabaka lisizidi kina tulichokitaja. Mahali pasipofikiwa na oksijeni, bakteria wengine hutoa hewa yenye harufu ya yai viza. Wanafunzi wa pwani wataitambua, kwa maana ni harufu ya makumbi ya nazi yanapofukuliwa baada ya kufukiwa matopeni kwa miezi mingi. Ndani ya hodhi hewa hiyo hugeuza udongo kuwa mweusi na kuozesha mizizi. Mwalimu achome udongo polepole kwa kijiti mara moja kwa wiki ili hewa itoke.

Jaribio la nne: chupa nne

Baada ya kuchagua, uchaguzi wenyewe nao uhukumiwe. Chukua chupa nne za kioo za ukubwa mmoja. Ya kwanza itiwe mchanga mweupe wa pwani, uliooshwa chumvi. Ya pili itiwe kichanga kilichooshwa. Ya tatu itiwe kinongo chini na kichanga juu. Ya nne itiwe kinamo kilichochanganywa na kichanga, na kichanga juu. Katika kila chupa upandwe mche mmoja wa Vallisneria wenye majani yanayolingana. Maji yawe ya chombo kimoja na mwanga uwe sawa. Kinachotofautiana kiwe ni tabaka la chini peke yake, maana mambo mawili yakitofautiana kwa pamoja hatutajua ni lipi lililoleta matokeo.

Kila wiki, kwa wiki nane, wanafunzi wahesabu majani, wapime jani refu kuliko yote na waandike rangi. Waangalie pia rangi imebadilika wapi. Majani ya zamani yakianza kuwa manjano, mmea huenda umekosa nitrojeni, kwa sababu nitrojeni huhama kutoka jani kuukuu kwenda jani jipya. Majani mapya yakiwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, huenda chuma kimekosekana, kwani chuma hakihami. Mtoto aliyejifunza kusoma dalili hizi katika chupa ataweza kuzisoma hata katika shamba la baba yake.

Mwalimu asitangaze matokeo mapema. Tunatarajia chupa ya tatu na ya nne ziipite ya kwanza, lakini matarajio yetu si ushahidi. Iwapo chupa ya kwanza itashinda, matokeo yaandikwe hivyo hivyo, kisha darasa litafute sababu. Labda mchanga ule haukuwa wa chokaa tupu, au chupa moja ilipata jua zaidi. Mjadala huo una thamani kuliko jibu tulilolitaraji.

Tahadhari

Tope la madimbwi na mabwawa lisitumiwe, hata kama mimea imestawi humo. Kichocho kimekuwa maradhi ya Unguja kwa muda mrefu, nacho huenezwa kwa msaada wa konokono wa maji baridi wa jamii ya Bulinus. Katika miaka ya 2010 Unguja na Pemba ziliendesha kampeni kubwa ya kukitokomeza, kwa kugawa dawa, kuua konokono na kutoa elimu. Itakuwa ajabu skuli inayofundisha kujikinga na kichocho iwatume watoto hao hao kuingia bwawani kutafuta udongo. Konokono hao huweza pia kuishi ndani ya tope lililokauka, hivyo kulianika juani si kinga ya kutosha. Udongo wa nchi kavu, mbali na mabwawa, ndio ulio salama. Miche nayo yafaa ipatikane kutoka katika hodhi jingine, wala si bwawani.

Matope ya mikoko nayo hayafai. Yana chumvi, na yakikaushwa huweza kuwa na tindikali kali. Zaidi ya hayo mikoko ni mali ya kuhifadhiwa, na katika eneo la Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, lililotangazwa mwaka 2004, si halali kuchukua chochote bila ya ruhusa. Hata kwa ndoo moja ya kinongo, mwalimu amwombe mwenye shamba au apite kwa sheha kwanza. Adabu hiyo nayo ni sehemu ya somo.

Mwisho, hodhi lisilo na samaki lifunikwe kwa kitambaa cha chandarua, kwani maji yaliyotulia ni mazalio ya mbu.

Maswali ya kufanyia kazi

1. Kusanya aina tatu za mchanga au udongo kutoka karibu na skuli yako ya mazoezi, uzifanyie majaribio matatu ya mwanzo, na uandike matokeo katika jedwali.
2. Eleza kwa maneno yanayofaa Darasa la Tano kwa nini mwani hauhitaji udongo na yungiyungi unauhitaji.
3. Mwanafunzi anasema mchanga mweupe ni bora kwa kuwa ni safi. Andaa maswali matano yatakayomwongoza kulichunguza wazo lake bila ya kumwambia kwamba amekosea.
4. Tayarisha andalio la somo la viputo vya oksijeni, na ueleze utakalolifanya darasani endapo viputo havitaonekana.

Swali la nne tunalisisitiza kuliko mengine. Mwalimu aliyeutunza mmea wake tangu mizizini ataweza kulijibu kwa utulivu. Ataliambia darasa: leo hatukuona viputo, na tuandike kwamba hatukuviona, kesho tutatafuta sababu.